Jinsi ya Kuchagua Mvinyo wa Amerika Kusini: Uliza Kwanza Baridi Imetoka Wapi

Katika maduka ya vinywaji na hoteli za Mwanza, chupa za Chile na Argentina hupangwa kwenye rafu moja, na mnunuzi huachwa achague kwa bei, kwa mvuto wa lebo au kwa jina la nchi. Jina la nchi ndilo watu huliamini zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalosaidia kidogo kuliko yote. Chile ina urefu wa takribani kilomita 4,300 kutoka kaskazini hadi kusini, na hata mashamba mawili yaliyotenganishwa na safari fupi ya gari yanaweza kutoa mivinyo isiyofanana kabisa, kwa sababu moja hufunikwa na ukungu wa bahari asubuhi na jingine liko bondeni ambako ukungu huo haufiki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeuza, anayehudumia mezani au anayenunua chupa ya nyumbani, na umejengwa juu ya jambo moja: kabla ya kuuliza chupa imetoka nchi gani, uliza mizabibu yake ilipata wapi baridi. Baada ya hapo uliza ilipata wapi maji na udongo uliyafanya nini maji hayo, na mwisho uliza mtengenezaji alifanya nini baada ya zabibu kuvunwa. Majibu ya maswali hayo hupatikana kwenye lebo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini baridi, wakati zabibu ni tunda la jua

Jua hujaza sukari ndani ya zabibu, na hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi wakati wa uchachushaji. Lakini joto lilelile hula uchachu wa tunda, kwa maana mmea huitumia sehemu ya tindikali yake katika kupumua, na usiku wa joto huifanya kazi hiyo iende kasi. Ndiyo maana zabibu zilizoiva mahali penye joto usiku na mchana hutoa mvinyo wenye kilevi kikubwa, uchachu mdogo na ladha ya tunda lililochemshwa, mvinyo ambao glasi ya kwanza hupendeza na ya pili huchosha. Usiku wa baridi huulinda uchachu, hurefusha muda wa kuiva na kuyapa maganda nafasi ya kujenga rangi na harufu. Amerika Kusini haina upungufu wa jua. Kinachotofautisha shamba na shamba ni chanzo cha baridi, nacho kwa kawaida ni kimojawapo kati ya hivi: mwinuko, bahari, au umbali wa kwenda kusini kuelekea ncha ya bara.

Argentina: baridi ya mwinuko

Mkoa wa Mendoza, ulio chini ya milima ya Andes kwa upande wa mashariki, hutoa zaidi ya theluthi mbili ya mvinyo wote wa Argentina. Msomaji wa Mwanza anaweza kuanzia kwenye mwinuko, kwa kuwa uso wa Ziwa Viktoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huo ndio mwinuko wa mashamba mengi ya Bonde la Uco, kusini-magharibi ya jiji la Mendoza, ambayo huanzia karibu mita 900 na kupanda hadi mita 1,500 na zaidi. Kanuni ya jumla ni kwamba joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Hata hivyo, hakuna anayeweza kupanda malbec, zabibu nyekundu inayobeba jina la Argentina, katika mtaa wa Capri Point hapa Mwanza akategemea matokeo ya Uco. Mwanza iko karibu na ikweta, ziwa hulihifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, hewa ina unyevu, na hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu ili upumzike. Mendoza iko karibu nyuzi 33 kusini ya ikweta, ni nusu jangwa, na hewa yake kavu huliacha joto la mchana litoroke mara jua linapotua, kiasi kwamba tofauti kati ya mchana na usiku inaweza kufika nyuzi 15 au zaidi. Mwinuko na ukavu hufanya kazi pamoja, na kimoja bila kingine hakitoshi.

Mwinuko una kazi ya pili. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo miali ya urujuanimno inavyoongezeka, na zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda na kuongeza rangi na tanini ndani yake. Tanini ndicho kitu kinachokausha ufizi, kama ifanyavyo chai ya rangi iliyoachwa muda mrefu pamoja na majani yake. Kwa hiyo malbec ya mahali pa juu huwa na rangi nzito inayokaribia zambarau, tanini nyingi, na pamoja na hayo uchachu ulio hai, na ni nadra kukutana na vyote hivyo pamoja katika mvinyo wa nchi ya jua.

Malbec yenyewe ni mgeni pale. Asili yake ni kusini-magharibi ya Ufaransa, ambako baridi kali ya masika, mvua na kuoza kwa mashada viliwasumbua wakulima kwa muda mrefu, na mwaka 1956 baridi kali iliharibu sehemu kubwa ya mizabibu ya Cahors. Mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Aimé Pouget, aliipeleka Mendoza mwaka 1853 kupitia shamba la mafunzo lililoanzishwa huko. Katika hewa kavu ya Mendoza ugonjwa wa kuoza ulipungua, na zabibu iliyokuwa ya kuhangaikiwa kwao ikawa ndiyo inayobeba jina la nchi nyingine. Mvua ya Mendoza ni takribani milimita 200 hadi 250 kwa mwaka, wakati Mwanza hupata karibu milimita 1,000. Anayesumbua wakulima wa huko zaidi ni mvua ya mawe, ambayo inaweza kupukutisha shamba zima kwa dakika chache, na ndiyo maana mistari mingi ya mizabibu imefunikwa nyavu. Upo pia upepo wa Zonda, ambao hushuka kutoka Andes ukiwa wa moto na mkavu, na ukivuma wakati wa kuchanua hupunguza idadi ya zabibu katika kila shada.

Sasa tazama lebo. Ukiona Luján de Cuyo au Maipú, tarajia malbec laini, yenye tunda jeusi lililoiva sana na uchachu wa wastani. Mashamba mengi ya huko ni ya zamani na yako chini kidogo. Ukiona Valle de Uco, au majina ya ndani yake kama Tupungato, Tunuyán, San Carlos, Gualtallary na Paraje Altamira, tarajia mvinyo ulionyooka zaidi, wenye harufu ya maua na uchachu unaochangamsha ulimi. Lebo isiyotaja lolote ila neno Mendoza mara nyingi ni mchanganyiko wa zabibu za maeneo mengi, nao unaweza kuwa mzuri, ila usiulipie bei ya Uco.

Kaskazini, katika mkoa wa Salta, mashamba ya Cafayate yako karibu mita 1,700, na lipo shamba moja maarufu la mkoa huo lililopandwa mita 3,111 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko nyumbani kwa torrontés, zabibu nyeupe yenye damu ya zabibu iitwayo muscat ya Alexandria, ambayo mvinyo wake hunukia waridi na maganda ya chungwa huku ukiwa mkavu mdomoni. Mhudumu anapaswa kumweleza mgeni jambo hili kabla ya kufungua chupa, kwa sababu pua humwahidi mtu utamu ambao ulimi hauukuti. Upande wa kusini, Río Negro iko kwenye nyuzi 39 kusini na haihitaji mlima, kwani umbali wake kutoka ikweta unatosha kuipa baridi ya kulea zabibu nyekundu ya pinot noir.

Chile: baridi ya bahari

Ukivuka Andes kuelekea magharibi, hesabu hubadilika. Kando ya pwani ya Chile hupita mkondo wa Humboldt, unaoleta maji ya baridi kutoka kusini, na maji mengine ya baridi hupanda kutoka vilindini. Wakazi wa Mwanza tayari wanaijua kanuni inayofuata, kwa kuwa wanaiishi kila siku: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huingia mjini, usiku mwelekeo hugeuka, na wavuvi husukumwa kuelekea majini. Kwenye pwani ya Chile mambo huenda kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa joto la maji ni jingine kabisa. Uso wa Ziwa Viktoria huzunguka nyuzi 25, hali bahari iliyo karibu na Valparaíso huzunguka nyuzi 12 hadi 16. Upepo unaopita juu ya maji ya namna hiyo hupoza bonde, na asubuhi huleta ukungu unaochelewesha jua kuyafikia majani.

Kwa muda mrefu wakulima wa Chile waliliogopa bonde la Casablanca kwa sababu ya baridi hiyo, mpaka Pablo Morandé alipopanda mizabibu huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo Casablanca, pamoja na San Antonio na Leyda zilizo karibu zaidi na bahari, ndizo ninazopendekeza kwanza kwa mtu anayetaka mvinyo mweupe wa Chile. Sauvignon blanc ya Leyda huwa na uchachu wa ndimu na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, na hulingana na samaki wa ziwani vizuri sana, jambo ambalo nitalirudia mbele.

Ili kumsaidia mnunuzi, tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 sheria ya Chile imeruhusu lebo kubeba maneno matatu yanayoonyesha mahali shamba lilipo ukipima kutoka mashariki hadi magharibi: Costa kwa ukanda wa pwani, Entre Cordilleras kwa mabonde yaliyo kati ya safu mbili za milima, na Andes kwa miteremko ya mlima mkubwa. Maneno haya matatu yana thamani kubwa kuliko neno Reserva lililoandikwa kwa dhahabu. Ukiyakuta, yachukue kama jibu la swali letu la kwanza: Costa hupozwa na bahari, Andes hupozwa na hewa ya mlimani inayoshuka usiku, na Entre Cordilleras ndiko joto lilikozidi, na ndiko mvinyo mwingi wa bei nafuu hutoka.

Katika bonde la Maipo, karibu na jiji la Santiago, hewa ya Andes na changarawe za mto huilea zabibu nyekundu ya cabernet sauvignon, ambayo ndiyo iliyoipa nchi hiyo heshima ya kwanza nje ya mipaka yake. Carmenère, zabibu nyekundu nyingine, nayo ina historia ya pekee. Ilitoka Bordeaux katika karne ya 19, ikapotea karibu yote huko Ufaransa baada ya mdudu wa filoksera kuangamiza mashamba, na nchini Chile iliendelea kuishi ikidhaniwa kuwa zabibu nyekundu ya merlot, mpaka mtaalamu wa mimea Jean-Michel Boursiquot alipoitambua mwezi Novemba 1994. Kudhaniwa merlot kuliigharimu, kwa sababu carmenère huiva wiki kadhaa baada ya merlot. Wakulima walipoivuna pamoja na merlot ilikuwa bado mbichi, na mvinyo ukanuka pilipili hoho ya kijani. Harufu hiyo hutokana na kemikali za kundi la pirazini, ambazo hupungua kadiri tunda linavyoiva. Ukifungua chupa ya carmenère ukakuta harufu ya hoho imefunika kila kitu, zabibu zake hazikuiva vya kutosha, na hakuna namna ya kuihudumia itakayoficha jambo hilo.

Udongo: maji kwanza, ladha baadaye

Watu wengi wanaozungumzia mvinyo husema udongo wa chokaa huleta ladha ya chokaa na jiwe huleta ladha ya jiwe. Mimi sikubaliani na maelezo hayo, na sayansi ya mimea haiyaungi mkono: mizizi hufyonza maji na madini yaliyoyeyuka, wala haipeleki ladha ya jiwe kwenye tunda. Udongo hufanya kazi kubwa zaidi kupitia maji, kwa kuamua yanakaa muda gani, yanapita upesi kiasi gani, na mmea unapata lini hofu ya kiu. Mzabibu ukishiba maji huota majani na matawi, na zabibu zake huwa kubwa na nyepesi. Ukibanwa kidogo baada ya matunda kuanza kubadilika rangi, huacha kuota na kuelekeza nguvu kwenye tunda, nazo zabibu hubaki ndogo, zenye ganda nyingi ukilinganisha na maji ya ndani. Kwa kuwa rangi na tanini za mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, ukubwa wa punje peke yake unaweza kubadilisha mvinyo mzima.

Huko Mendoza mkulima ndiye anayeshika bomba. Maji ni theluji ya Andes inayoyeyuka na kuteremka kwa mito ya Mendoza na Tunuyán, kisha kugawanywa kwa mifereji ambayo mwanzo wake ni kazi ya Wahuarpe, wenyeji walioishi hapo kabla ya Wahispania kufika. Udongo uliletwa na mito hiyohiyo: mchanga, changarawe na mawe ya mviringo, na katika sehemu za Uco mawe hayo yamepakwa utando mweupe wa chokaa. Maji hupita upesi katika udongo wa namna hiyo, na kwa hiyo mkulima anaweza kuupa mmea kiasi anachotaka na kuunyima anapotaka. Udongo wa mfinyanzi hufanya kinyume chake, na si wakati wote kwa hasara. Huko Peumo, kusini ya Santiago, mfinyanzi wa kina hushika unyevu na kuiweka carmenère katika hali ya ukijani mpaka mwezi wa Mei, na zabibu hiyo inayochelewa hupata muda wa kuiva.

Granaiti nayo inastahili kutajwa kwa mtu wa jiji la miamba. Katika bonde la Itata, kusini ya Chile, na katika vilima vya Maldonado nchini Uruguay, mizabibu huota juu ya granaiti iliyochakaa. Anayetaka kuielewa hali hiyo asogee kwenye mwamba wowote mkubwa wa Mwanza, aangalie ile changarawe ya rangi ya kijivu na waridi inayomeguka na kukusanyika chini yake, kisha aimwagie ndoo ya maji aone yanavyozama upesi. Itata hupata mvua ya kutosha, na mashamba mengi ya zamani huko hayamwagiliwi; mizizi hufuata nyufa za mwamba uliooza ikitafuta unyevu wa chini. Humo huota país, zabibu iliyoletwa na Wahispania katika karne ya 16, na cinsault, na mivinyo yake huwa ya rangi nyepesi, kilevi cha wastani na harufu ya matunda mekundu. Ni mivinyo inayofaa kunywewa ikiwa imepozwa, na huuzwa kwa bei ndogo kuliko inavyostahili.

Filoksera, yule mdudu anayeshambulia mizizi, hajawahi kuenea Chile, na Argentina yupo lakini madhara yake ni madogo, jambo linalohusishwa na mchanga na desturi ya kumwagilia kwa kufurika. Matokeo yake ni kwamba nchi hizi zina mizabibu mingi iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe bila kubebeshwa, mingine ikiwa na umri mkubwa.

Penye mvua: Uruguay na Brazili

Uruguay haina mlima wa maana wala ukavu. Kuna upepo wa Atlantiki, mvua inayozunguka milimita 1,000 kwa mwaka, na mfinyanzi mwingi katika eneo la Canelones. Zabibu iliyostawi hapo ni tannat, iliyoletwa na Pascual Harriague, Mbaski wa upande wa Ufaransa, katika miaka ya 1870, na ilistawi kwa sababu ganda lake nene huvumilia unyevu. Ganda hilohilo huleta tanini kali, na kwa hiyo kazi ya mtengenezaji ni kuzilainisha. Njia mojawapo, ya kuupitishia mvinyo oksijeni kidogo kidogo ukiwa ndani ya tangi, ilibuniwa huko Madiran, Ufaransa, kwa ajili ya tannat hasa. Katika nchi yenye mvua, mwaka ulioandikwa kwenye chupa una uzito mkubwa kuliko Mendoza, ambako miaka mingi hufanana.

Kusini mwa Brazili, katika vilima vya Serra Gaúcha vilivyokaliwa na wahamiaji wa Kiitalia tangu mwaka 1875, mvua huwalazimisha wakulima kuvuna mapema. Zabibu zilizovunwa mapema huwa na uchachu mwingi na sukari kidogo, na hilo ndilo hasa linalohitajika kwa mvinyo wenye mapovu. Ndiyo maana mvinyo wa Brazili ninaoushauri ni huo. Lakini kwa Mtanzania sehemu ya kusisimua zaidi iko kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, katika bonde la mto São Francisco, karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, eneo kame lisilo na majira ya baridi. Mkulima wa huko huulaza mzabibu mwenyewe kwa kupunguza maji, kisha huuamsha kwa kupogoa na kumwagilia, na hupata mavuno mawili kwa mwaka. Wakulima wa Dodoma wanaijua hali hiyo ya mavuno mawili, na natamani pande hizi mbili zingetembeleana.

Kilichofanywa baada ya mavuno

Anza na asilimia ya kilevi, kwa sababu imeandikwa kwenye kila chupa na haipambwi. Mvinyo mwekundu wenye 14.5 au zaidi umetokana na zabibu zilizoachwa mpaka zikajaa sukari, na kwa kawaida utakuwa mzito na wa kuleta joto kooni; wenye 12.5 hadi 13.5 ulivunwa mapema au ulitoka mahali pa baridi. Kati ya miaka ya 1990 na 2000 watengenezaji wengi wa Chile na Argentina walifuata mtindo wa zabibu zilizoiva kupita kiasi na mapipa mapya mengi, kwa sababu soko la Marekani liliusifu. Wengi wamerudi nyuma tangu hapo, na nadhani wamefanya vyema, kwani pipa jipya likizidi hufanya malbec ya Uco na cabernet ya Maipo zinukie mamoja.

Pipa la mwaloni lina kazi mbili ambazo ni vizuri kuzitenganisha. Kwanza hupitisha hewa kidogo sana kupitia mbao zake na kulainisha tanini, kazi inayofanywa hata na pipa kuukuu. Pili, likiwa jipya, huongeza ladha: mwaloni wa Marekani huelekea vanila na nazi, na wa Ufaransa huelekea viungo kama karafuu. Kwenye lebo ya nyuma tafuta neno roble (mwaloni) au barrica (pipa), na idadi ya miezi. Usipoyaona, yaelekea mvinyo ulikaa kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu, ambalo Miguel Torres wa Hispania alilianzisha Chile mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na mitambo ya kupoza. Tangi hilo ndilo lililowezesha mvinyo mweupe kuchachuka polepole, karibu nyuzi 12 hadi 18, bila kupoteza harufu ya tunda. Wengine leo hutumia matangi ya saruji au mitungi mikubwa ya udongo, ambayo hupitisha hewa kidogo bila kutia ladha ya mbao.

Neno Reserva linahitaji tahadhari. Nchini Argentina mvinyo mwekundu unaobeba neno hilo lazima ukae angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, na Gran Reserva miezi 24. Nchini Chile masharti ni mepesi zaidi na yanahusu hasa kiwango cha kilevi, kwa hiyo chupa mbili zenye neno moja hazijaahidi kitu kimoja.

Jambo la mwisho kuhusu utengenezaji ni utamu, kwa maana ndilo linaloleta malalamiko mengi mezani. Mivinyo mingi ya Chile na Argentina inayofika kwetu ni mikavu, yaani sukari yake karibu yote imegeuka kuwa kilevi. Mazungumzo huwa ya namna hii:

“Shikamoo mzee, karibu.”

“Marahaba binti. Nipatie mvinyo mwekundu, ila uwe mtamu.”

“Sawa mzee. Ungependa wenye sukari kabisa, au mlaini tu, usiokausha mdomo?”

Swali hilo moja huokoa chupa. Mara nyingi mgeni anachokikimbia ni tanini, wala hadai sukari, na malbec ya Luján de Cuyo au país ya Itata iliyopozwa itamfaa. Akisema anataka sukari, mwelekeze kwenye mvinyo ulioandikwa dulce (mtamu) au wenye utamu unaojulikana, na usimfungulie tannat.

Kuupeleka mezani Mwanza

Kanuni ninayoitumia ni kulinganisha uchachu na uchachu. Sato wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, pamoja na kachumbari, huufanya mvinyo laini uonekane kama maji. Hapo mpe mgeni sauvignon blanc ya Leyda au Casablanca. Sangara wa nazi anahitaji mvinyo mweupe wenye mwili zaidi, yaani mzito zaidi mdomoni, na chardonnay ya pwani ya Chile iliyokaa kidogo kwenye pipa hufaa. Nyama choma yenye mafuta na mbavu za ng'ombe ndizo mahali pa tannat na malbec ya Uco, kwa sababu protini na mafuta ya nyama huzishika tanini na kuziondolea ukali. Pilipili ikizidi, epuka kilevi kikubwa, maana huongeza mwako. Torrontés hukaa vizuri na pilau na vyakula vyenye viungo.

Ushauri wa vitabu kwamba mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba umetoka kwenye nchi ambazo chumba kina nyuzi 18. Chumba cha Mwanza mchana kina nyuzi 27 na zaidi, na katika joto hilo kilevi hupanda puani na kuifunika harufu nyingine yote. Weka chupa nyekundu kwenye friji kwa takribani dakika 30 kabla ya kuihudumia, na nyekundu nyepesi kama país kwa muda mrefu zaidi. Nyeupe iwe kati ya nyuzi 8 na 12. Ikiwa baridi kuliko hapo, harufu uliyoilipia hufungwa.

Dukani, kataa chupa zilizosimamishwa dirishani penye jua au chini ya bati bila dari, hata kama bei imeshushwa. Kizibo kilichosukumwa juu kidogo, au mvinyo uliovujia shingoni, ni dalili kwamba chupa ilipata joto kali safarini au stoo. Kwa mivinyo ya kila siku chagua mwaka wa karibuni, ukikumbuka kwamba mavuno ya huko huwa kati ya Februari na Mei, kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni wa nusu ya kwanza ya mwaka huo. Chupa iliyofunguliwa irudishiwe kizibo na kukaa friji, nyekundu na nyeupe pia, na imalizwe ndani ya siku tatu hivi. Umeme ukikatika muda mrefu, ihesabu kuwa na siku moja.